Saundifonti nzuri haipimwi kwa megabaiti

Walimu wenzangu wa kwaya huniletea swali hilihili: mbona wimbo ukipigwa kwenye kompyuta yako unasikika kama kuna mtu kakaa kwenye piano, na mimi nikiufungua nyumbani unatoka kama mlio wa kitochi? Faili ni lilelile la MIDI, hakuna nota iliyopungua wala kuongezwa.

Hakuna uchawi hapo. Faili la MIDI halibebi sauti yoyote. Linabeba maagizo: kwenye chaneli ya 3 gonga nota namba 60 kwa nguvu ya 85, ishikilie, iachie, kanyaga pedali, badili chombo. Ndiyo maana wimbo wa dakika nne wenye sauti zote nne pamoja na kinanda unaingia kwenye kilobaiti chache tu. Sauti yenyewe hutolewa na mashine inayosoma maagizo hayo, kutoka kwenye hazina ya sampuli iliyonayo, yaani vipande vya sauti za vyombo vilivyorekodiwa. Hazina hiyo ikiwekwa kwenye faili moja unaloweza kulipakua na kulinakili kwenye flashi, ndiyo saundifonti. Ukiibadilisha, umebadilisha okestra nzima na nota zako ziko palepale.

Kwenye Windows, usipogusa chochote, kazi hiyo hufanywa na Microsoft GS Wavetable Synth. Hazina yake ya sauti ilitoka Roland miaka ya 1990 na ina MB 3 na ushee. Ndani yake vimebanwa vyombo vyote 128 vya kiwango cha General MIDI cha mwaka 1991, pamoja na ngoma za chaneli ya 10. Kwa udogo huo waliifanya kazi kubwa, tuwe wakweli. Lakini kiwango cha General MIDI kinasema tu kwamba namba 1 ni piano, namba 41 ni fidla na namba 57 ni tarumbeta. Hakisemi tarumbeta hiyo iwe nzuri kiasi gani.

Mtu akishalijua hilo, hatua yake ya pili huwa ni kuingia mtandaoni kutafuta saundifonti kubwa kuliko zote. Anamaliza bando, anasubiri usiku kucha, halafu anakuta piano ya kuvutia iliyokaa na fidla inayonguruma kama friji bovu. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ukubwa wa faili unadanganya.

Chukua hesabu. Sauti ya stirio ya kiwango cha CD, yaani vipimo 44,100 vya biti 16 kila sekunde, hula takriban MB 10 kwa dakika. FluidR3 GM, saundifonti ya Frank Wen ambayo imezoeleka sana kwenye Linux, ina kama MB 140. Hizo ni dakika 14 hivi za sauti. Zigawe kwa vyombo 128 na ngoma juu yake: kila chombo kinabaki na sekunde sita na kitu. Sasa fikiria piano yenye vitufe 88, kila kitufe kirekodiwe kwa nguvu nne tofauti, kila sampuli ikae sekunde kumi. Piano hiyo peke yake inapita MB 600. Kwa hiyo saundifonti ya vyombo vyote, hata iwe ya MB 300, lazima ibanie mahali fulani, na swali la maana ni imebania wapi.

Ubanaji huu una historia yake. Teknolojia ya SoundFont ilitengenezwa na E-mu Systems pamoja na Creative Labs, na ikapata umaarufu kupitia kadi ya sauti ya Sound Blaster AWE32 ya mwaka 1994. Kadi hiyo ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti 512 kwa ajili ya sauti za mtumiaji. Mtengenezaji alilazimika kurekodi nota moja na kuitandaza kwenye vitufe vingi, kisha kukata kipande kifupi cha katikati na kukirudiarudia ili nota ishikiliwe muda wowote. Hizo mbinu mbili, kutandaza na kitanzi, bado zimo kwenye kila saundifonti unayopakua leo. Zikifanywa kwa ustadi huzisikii. Zikifanywa ovyo, ndizo zinazofanya muziki usikike wa plastiki.

Namna ya kuzisikia ni rahisi, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya hedifoni. Andika faili dogo la MIDI la majaribio, ulitunze, na kila saundifonti mpya uipitishe humo kabla hujaipenda. Langu linaanza na nota zote za chombo, nusutoni kwa nusutoni, kutoka chini hadi juu, polepole. Pale sampuli moja inapoishia na nyingine kuanza, rangi ya sauti huruka. Mruko mdogo si neno. Lakini ukisikia mruko mkubwa, yaani nota tano zinang'aa halafu ya sita ghafla imezibwa pua, melodi yoyote itakayovuka mpaka huo itaumia. Baada ya hapo nota moja hugongwa tena na tena, nguvu ikipanda kutoka 20 hadi 127. Piano ya kweli ikigongwa kwa nguvu haipandi sauti tu, inabadilika tabia, inakuwa na makali. Saundifonti yenye tabaka moja la nguvu hupandisha sauti na labda kufungua kichujio kidogo. Yenye matabaka mengi hubadilisha sampuli yenyewe. Sikiliza pia kama matabaka yameungana vizuri, maana nimekutana na piano ambazo nguvu 79 ni pamba na nguvu 80 ni nyundo.

Kisha nota ndefu, sekunde kumi na tano hivi. Hapa ndipo fidla, filimbi na sauti za kwaya hujianika. Kitanzi kibaya kinasikika kama feni inayozunguka: wau, wau, wau, kwa mwendo uleule. Ukiisikia mara moja hutaacha kuisikia tena, nakuonya.

Mwisho wa faili langu ni nota moja inayorudiwa haraka sana. Jaribio hili saundifonti nyingi hulifeli, na si kwa uzembe wa mtengenezaji. Umbo la SF2, yaani aina ya faili ambayo saundifonti nyingi huja nayo, halina njia ya kupokezanisha sampuli mbili kwa nota ileile, hivyo kila pigo linatoka sawasawa na lililotangulia, na ngoma inayopigwa mfululizo inageuka bunduki. Wapiga gitaa la dansi wanalijua tatizo hili zaidi ya wengine: jaribu kuandika sebene kwa MIDI, ile gitaa la solo linalorudia kipande kimoja bila kuchoka, na baada ya mizunguko michache masikio yanagoma. Umbo la SFZ, aina nyingine ya faili la sampuli, lina uwezo wa kupokezanisha sampuli, na programu ya bure ya sforzando ya Plogue inalipiga. Ukitaka kubaki kwenye SF2, ipo njia ya mafundi: nakili gitaa lako, kwenye nakala sogeza sampuli ili kila kitufe kitumie sampuli ya jirani iliyorekebishwa kimo, kisha weka nota moja chaneli hii, inayofuata chaneli ile. Sauti mbili zinazofanana lakini si pacha. Kazi inachosha, ila kwa kipande cha gitaa kinachobeba wimbo mzima inalipa.

Sasa nitaje zile ninazozitumia. GeneralUser GS ya S. Christian Collins ina MB 30 hivi tu, na bado ndiyo ninayompa mtu wa kwanza anayeanza. Uzuri wake mkubwa ni mizani: tarumbeta haimezi piano, besi haipotei, ngoma ziko mahali pake. Faili la MIDI ulilolitoa popote litasikika kwa uwiano unaoeleweka. Mizani hii haionekani kwenye picha wala kwenye ukubwa wa faili, na kuna saundifonti za mamia ya MB ambazo hazina kabisa, kwa sababu mtu alikusanya vyombo vizuri kutoka sehemu ishirini bila kuvipatanisha. FluidR3 naipenda kwa vyombo vya nyuzi na vya kupuliza vinavyopigwa pamoja. MuseScore General, ambayo imetokana na FluidR3 na kurekebishwa na Collins huyohuyo, ni salama kwa kazi ya kwaya. Inapatikana kama SF2 ya zaidi ya MB 200 na kama SF3 iliyo chini ya MB 40. SF3 ni SF2 ambayo sampuli zake zimebanwa kwa Ogg Vorbis, mbinu ya kupunguza ukubwa wa faili la sauti. Kwa masikio yangu, kwenye spika za kawaida tofauti haipo, na kwa mtu anayelipia bando sioni sababu ya kuhangaika na ile kubwa. Angalia tu kama programu yako inaisoma. FluidSynth, programu ya kugeuza MIDI kuwa sauti, na MuseScore, programu ya kuandika nota, zinaisoma, nyingine nyingi hazina habari nayo.

Kwa piano peke yake, tafuta Salamander Grand Piano. Alexander Holm alirekodi Yamaha C5 kwa matabaka 16 ya nguvu, nota moja kila baada ya nusutoni tatu, na akaitoa bure. Ina SFZ yake na watu wameigeuza kuwa SF2 za ukubwa mbalimbali. Ukishaisikia kwenye wimbo wa taratibu wenye pedali, ile piano ya MB 3 utaionea huruma.

Ushauri wangu basi ni huu: usitafute saundifonti moja bora. Jiulize muziki wako unaegemea chombo gani, kitafutie hicho chombo kimoja sampuli nzuri kuliko zote unazoweza kupata, na vingine vyote viachie saundifonti ndogo yenye mizani. Msikilizaji husikiliza kinachoimba mbele. Vinavyojaza nyuma vikiwa vya wastani, hakuna atakayekulalamikia.

Kuchanganya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukitumia FluidSynth, zitaje saundifonti mbili kwenye amri moja; inayotajwa mwisho hukaa juu, na vyombo vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyochukuliwa kwanza:

fluidsynth -ni -g 0.6 -F wimbo.wav GeneralUser.sf2 piano.sf2 wimbo.mid

Hapo piano itatoka kwenye faili la piano, vingine vyote kwenye GeneralUser, na matokeo yataandikwa kwenye wimbo.wav. Majina ya mafaili andika kama yalivyo kwenye mashine yako. Ile -g ni kiwango cha sauti. FluidSynth ikiachwa yenyewe huanza na 0.2, kiwango cha chini sana, na wengi huishia kuilaumu saundifonti kuwa imepoa. Ipandishe hadi vilele vya wimbo viwe vikubwa bila kupasuka. Na hapa kuna mtego mwingine: unapolinganisha saundifonti mbili, hakikisha zina sauti sawa kwanza. Sikio la mwanadamu huamini kilicho na sauti kubwa ndicho kizuri. Nimeona watu wakichagua saundifonti mbaya kwa sababu hiyo tu.

Kwenye Windows, kama hupendi kuandika amri, VirtualMIDISynth ya CoolSoft hukaa badala ya ile ya Microsoft na unaipakia saundifonti unazotaka. Kwenye MuseScore 4 weka faili kwenye folda ya SoundFonts iliyo ndani ya folda ya MuseScore kwenye Documents, fungua mikisa (mixer) kwa F10, na umchagulie kila mwanamuziki sauti yake. Zipo pia Muse Sounds zinazotolewa bure kwa MuseScore 4. Zinaimba vizuri kuliko saundifonti nyingi, ila ni gigabaiti kadhaa na zinataka mashine yenye pumzi. Kwa laptopu ya RAM ya GB 4, baki na saundifonti, utalala mapema.

Kuna jambo moja ambalo saundifonti yoyote haitakutibia, nalo ni MIDI iliyokufa. Programu za kuandika nota huweka kila nota kwa nguvu moja, mahali palepale kwenye mpigo, bila kukosea hata chembe. Ukiipakia hiyo Salamander yenye matabaka 16 na nota zako zote zina nguvu ya 80, umetumia tabaka moja na mengine kumi na tano yamelala. Nguvu zitofautiane: mpigo wa kwanza wa baa uzidi kidogo, nota za kupitia zipungue, kilele cha sentensi kipande. Kwenye piano kanyaga pedali, ambayo kwenye MIDI ni kontrola (agizo la kudhibiti sauti) namba 64, na uiachie akodi inapobadilika. Kwenye fidla na sauti zote za kushikilia, tumia kontrola namba 11 kuvimbisha na kushusha sauti ndani ya nota yenyewe. Fidla yenye sampuli za kawaida ikipewa mkondo mzuri wa kontrola 11 humshinda jirani yake wa gharama aliyeachwa bapa. Namba 7 iache kwa ajili ya kupanga uwiano wa vyombo, usiichanganye na hii. Mwisho wa ubeti punguza mwendo kidogo kama wanavyofanya waimbaji, usingoje uambiwe na metronomu.

Mwangwi nao uwe mmoja. Saundifonti nyingine zimerekodiwa kwenye ukumbi, mwangwi umo ndani ya sampuli; FluidSynth nayo inaongeza wake; halafu mtu anatia wa tatu kwenye programu ya kuhariri. Matokeo ni kanisa kuu lililojaa maji. Chagua chumba kimoja, zima vingine.

Nirudi kwenye kwaya, kwa sababu kazi ninayoifanya zaidi ni kutengeneza rekodi za mazoezi za kutuma kwenye kundi la WhatsApp, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja faili lake. Hapa uhalisia si lengo, na hili limewashangaza wengi niliowaambia. Ukiandika teno kwa chombo namba 53, ile kwaya ya "aaa", unapata sauti inayofanana na watu lakini isiyo na mwanzo unaoeleweka. Nota inaingia taratibu kama ukungu, na mwanakwaya anayeitafuta sauti yake hajui imeanza lini. Mpe piano, au klarineti kama kipande kina nota ndefu. Sauti anayojifunza iwe mbele, nyingine tatu zishuke hadi zisikike kwa mbali, asije akaimba peke yake kama yuko jangwani.

Besi wana shida yao maalumu. Wanasikilizia kwenye spika ya simu, na spika ya simu haina la kusema chini ya herzi mia mbili na kitu. Nota ya E ya chini kabisa ya besi iko kwenye herzi 82 hivi. Ukiwaandikia kwa sauti laini kama filimbi, ambayo nguvu yake nyingi iko kwenye kimo chenyewe, wanapokea kimya. Chagua chombo chenye viambata vingi vya juu, yaani sauti za juu zinazoandamana na nota yenyewe, kama fagoti, selo yenye makali, au kinanda cha kanisa chenye sauti ya mwanzi. Sikio likisikia viambata hivyo hujijengea kimo kilichokosekana, na besi wanaimba mahali pake. Kujaribu, washa rekodi kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuituma. Hedifoni nzuri za studio zitakudanganya kwa jambo hili.

Ukitoka kwenye kwaya ukaingia kwenye muziki wetu mwingine, General MIDI inaanza kuishiwa. Marimba imo, namba 13. Kalimba imo, namba 109. Kodiani imo, namba 22. Udi hakuna. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, hakuna. Dumbaki hakuna. Mtu wa taarab hulazimika kuazima: gitaa la nailoni kwa udi, na kwa kanuni watu hukimbilia hapsikodi, ambayo mimi naona ni kosa, koto ya Kijapani namba 108 iko karibu zaidi. Bora utafute saundifonti za vyombo vya Kiarabu, zipo, japo ubora wake ni bahati nasibu na faili la majaribio litafanya kazi yake hapo kuliko mahali pengine popote.

Halafu linakuja suala la robotoni, yaani robo ya toni. Makamu (ngazi ya nota ya muziki wa Kiarabu) ya rasti inayoanzia C inataka E na B zishuke karibu nusu ya nusutoni, yaani senti 50, kwa kuwa nusutoni moja ni senti 100. Kibodi ya MIDI haina kitufe hicho. Njia ya kwanza ni gurudumu la kupindisha kimo: kwa mpangilio wa kawaida linakwenda nusutoni mbili kila upande, katikati yake ni 8192, kwa hiyo kushuka senti 50 ni 6144. Lakini gurudumu hupindisha chaneli nzima, akodi yoyote iliyoshikiliwa hapo inapinda pamoja nayo. Njia ninayoipendelea ni kufungua saundifonti kwenye Polyphone, programu ya bure ya kuhariri, na kushusha zile E na B zote senti 50 kwenye nakala ya udi au fidla. Unaihifadhi kama "udi rasti" na unaandika nota kama kawaida. Makamu ya bayati inayoanzia D nayo inataka E hiyohiyo, ila B yake ni bemoli ya kawaida, kwa hiyo nakala ya pili inatosha. Baada ya hapo sikiliza rekodi za wazee na urekebishe kwa sikio, kwa sababu wapigaji hawashuki senti 50 kamili kila mahali, na rasti iliyonyooka sana nayo inasikika ya kompyuta.

Polyphone hiyo inakufungulia mlango mwingine, wa kurekodi vyombo vya nyumbani mwenyewe. Anza na ngoma, kwa kuwa hazihitaji kitanzi wala kutandazwa. Chumba kidogo, magodoro au blanketi ukutani, feni imezimwa, kipaza sauti kimoja kizuri. Gonga chapuo kwa kiganja, kwa vidole, ukingoni, katikati, kila namna mara kadhaa, kuanzia kimya hadi nguvu yote, na uiache sauti ife yenyewe kabla ya kugonga tena. Hariri, kata mwanzo karibu kabisa na pigo, la sivyo ngoma itachelewa kwenye kila mpigo. Pakia kwenye Polyphone, kila namna ya kugonga ipewe kitufe chake, na kila ngazi ya nguvu ipewe tabaka lake. Seti ukiiweka benki (kundi la vyombo) namba 128, programu zitaitambua kuwa ni ngoma na kuipeleka chaneli ya 10. Kayamba irekodi mtikiso wa kwenda na wa kurudi kama sauti mbili tofauti, kwa sababu ndivyo ilivyo; ukitumia mtikiso mmoja kwa yote, kayamba inakuwa saa.

Kwa ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, ile aliyoizungusha duniani marehemu Hukwe Zawose, rekodi kila ulimi wa chuma peke yake na uuweke kwenye kitufe chake bila kuurekebisha kimo. Usiruhusu programu ikuvutie kwenye kimo cha piano. Na ule mtetemo wa pembeni usiuondoe ukidhani ni kelele, ni sehemu ya sauti.

Kabla ya kuuza chochote ulichokitoa kwenye saundifonti, soma leseni yake. FluidR3 iko chini ya leseni ya MIT, GeneralUser inaruhusu muziki wa biashara. Lakini mtandaoni zimejaa saundifonti ambazo sauti zake zimenyonywa kutoka kwenye vinanda vya dukani na kupewa jina jipya. Kama faili halina jina la mtengenezaji, halina maelezo, na piano yake inafanana mno na kinanda cha kampuni kubwa, litumie kujifunzia tu.

Na unapomtumia mtu wimbo, mtumie MP3, usimtumie MIDI ukategemea atasikia ulichosikia wewe. Rekodi za mazoezi mimi huzitoa kwa mono, kilobiti 96, dakika nne zinakuwa chini ya MB 3 na hakuna mwanakwaya anayelalamika kuhusu bando. Faili la MIDI na saundifonti yake viweke folda moja, pamoja na karatasi ya maandishi inayosema chombo kipi kilitoka wapi, ili mwaka kesho mchungaji akitaka ubeti wa tatu upandishwe nusutoni usianze kutafuta ile fidla upya.